Mtindi wa Nusu Sukari

Kwa miaka ishirini na mbili Mama Ulimi hakuonja kitunguu kibichi siku ya kazi. Jumamosi tu, shughuli zikiisha, ndipo alipokikata pete pete akakila kwa raha zake kama mtu aliyetoka kifungoni. Manukato hakupaka, pipi hakumung'unya, na dawa ya meno alitafuta ile isiyo na harufu. Ulimi ndio uliokuwa ukimlisha, naye aliutunza.

Kazi yake ilikuwa kuonja mtindi katika kiwanda cha maziwa. Chumba cha kuonjea kilikuwa mwisho wa korido, kidogo, chenye meza nyeupe, kidirisha cha kupitishia vikombe, dirisha la uani lenye pazia, na taa nyekundu. Wageni waliiuliza sana ile taa. Ilikuwepo kwa sababu jicho ni mfitini: likiona mtindi una rangi nzuri huunong'oneza ulimi kwamba huu mtamu, na ulimi nao husadiki. Chini ya taa nyekundu vikombe vyote hufanana, kila kimoja na namba yake ubavuni. Unaonja, unasukutua kwa maji ya uvuguvugu, unatafuna kipande cha mkate mkavu, unaonja kingine.

Na alikuwa anajua, msifanye mchezo. Siku moja alionja kijiko kimoja akasema, "Huu umetoka pipa la tatu, na mpira wa mfuniko wake umechakaa." Mafundi wakacheka, wakaenda kufungua pipa la tatu. Mpira ulikuwa umechakaa. Tangu siku hiyo jina lake halisi likasahaulika, akawa Mama Ulimi mpaka kwa mlinzi wa getini.

Basi Meneja akaja na wazo lake. Watu wanaogopa sukari siku hizi, alisema, madaktari wanawaambia wapunguze, kwa hiyo tutengeneze mtindi wenye nusu ya sukari tuliyozoea. Wazo zuri tu. Ubaya ulikuwa katika kuuonja. Ukutani mwa kile chumba palibandikwa kanuni, kwa maandishi ambayo jua lilishayafifisha: mchanganyiko mpya uonjwe na ndimi ngeni, na mwonjaji mmoja asiuonje zaidi ya mara tatu. Waonjaji walikuwa watatu. Lakini mmoja alikuwa likizo ya uzazi, na wa pili alikuwa ameshahamia ofisi ya mauzo. Mama Ulimi akabaki peke yake, na badala ya kusema nipeni watu, akasema niachieni mimi. Kiherehere, jamani! Kiherehere hakijawahi kumpa mtu usingizi.

Akauonja ule mtindi kila asubuhi kwa wiki sita. Siku ya kwanza aliandika kwenye daftari: "Kama kulamba ukuta wenye chokaa." Wiki ya pili aliandika, "Si mbaya." Wiki ya nne alianza kubeba vikombe viwili kwenda navyo nyumbani, akala na mumewe asubuhi kabla ya kazi. Mumewe alikuwa fundi saa, mtu wa maneno machache, aliyezoea kukitazama kitu kidogo kwa muda mrefu. Alikula akasema, "Mtamu." Wiki ya sita Mama Ulimi alikwangua kikombe kwa kidole, akakilamba kidole, akatia sahihi: utamu unatosha, uuzwe.

Siku ya tisa mtindi ulirudi.

Uliletwa na dereva wa lori la usambazaji, waliyemwita Kipaza kwa sababu sauti yake haikuhitaji kipaza. Kreti juu ya kreti, mpaka lori likabaki tupu. Alisimama katikati ya ua, wafanyakazi wote wakiwa kwenye mapumziko ya saa nne, akaanza kuwasomea malalamiko ya wenye maduka kutoka kwenye karatasi.

"Huyu anasema ni maji ya chaki. Huyu anasema mteja wake amemuuliza kama kikombe kilisahauliwa kutiwa mtindi. Huyu hapa hajaandika, ametukana tu, sisomi." Akainua macho. "Mama Ulimi! Ulimi umeustaafisha lini, mbona hatukualikwa kwenye sherehe?"

Watu wakaangua kicheko.

"Ulimi hauna mfupa, baba," Mama Ulimi alimjibu, "lakini wako hauna hata kufuli."

"Sawa, mama. Ila wahenga walisema, mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Tumekusifu mno."

Walicheka tena, naye akacheka nao, akachukua kikombe kimoja kutoka kwenye kreti, akaenda nacho chumbani kwake na kufunga mlango. Akaketi chini ya taa nyekundu. Akaonja. Mtamu! Akasukutua, akatafuna mkate, akaonja tena. Mtamu vilevile, mzuri, haukupungukiwa kitu. Watu wa mji mzima wanasema ni chaki, yeye peke yake anasema ni mtamu. Akakiweka kikombe mezani.

Nawaambieni ukweli, hofu yake haikuwa ya kazi. Kazi ni kazi, mtu huipata na huipoteza. Hofu yake ilikuwa mama yake.

Mama yake alikuwa mpishi wa jikoni la shule, hodari kuliko wote, na mambo yake yalianzia kwenye chumvi. Alikuwa na miaka hamsini na sita. Jumapili moja alipakua maharage yakiwa machungu kwa chumvi, hayaliki, kisha akawatazama wanawe huku akitabasamu, akauliza, "Vipi?" Aliyejibu kwanza alikuwa Mama Ulimi. Alisema, "Matamu, mama." Wenzake wakafuata, matamu, mama, matamu, kwa sababu walimpenda na hawakutaka kumvunja moyo. Wakala hivyo mwaka mzima, wakinywa maji mitungi. Kisha funguo zikaanza kukutwa ndani ya kopo la sukari. Kisha majina ya wajukuu yakampotea. Daktari alipomwona alisema, mngemleta mapema. Mama Ulimi hakulisahau hilo neno. Alijua mapema ilikuwa lini. Ilikuwa ile Jumapili, kwenye sahani ile, na yeye ndiye aliyefunika.

Sasa yeye mwenyewe alikuwa na miaka hamsini na nne. Dalili ya mvua ni mawingu.

Jioni alimwekea mumewe kikombe cha ule mtindi uliorudi, bila kumweleza kitu. Alikaa mbele yake akimtazama mdomoni.

"Vipi?" aliuliza, na papo hapo akasikia sauti ya mama yake.

Fundi saa akala, akafuta ndevu. "Mtamu."

"Kweli?"

"Mtamu, mke wangu. Si ndio ule wa kila siku?"

Mtu mwingine angefarijika. Mama Ulimi aliinuka akaenda jikoni, akafungua bomba la maji ili asisikike, akalia. Maana alilijua neno hilo. Mtamu, mke wangu. Matamu, mama. Ndivyo wanavyosema wanaokupenda.

Kesho yake Meneja alimwita. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye tabia ya kupanga kalamu zake sambamba kabla ya kusema jambo zito. Siku hiyo alizipanga mara mbili.

"Mama, sisemi kitu. Lakini itabidi ufanye mtihani wa vikombe vitatu."

Mtihani huo Mama Ulimi ndiye aliyekuwa akiwafanyia wengine. Unapewa vikombe vitatu. Viwili ni kitu kimoja, cha tatu kimetofautiana kidogo sana, na wewe utaje kipi ni mgeni. Duru nane. Ukikosa zaidi ya mara mbili, unahamishiwa kwenye ufungashaji, unabandika lebo mpaka ustaafu.

"Nipo tayari," Mama Ulimi alisema. Kisha akapiga chafya. "Ila nina mafua."

Mwenye mafua haonji, kanuni ni kanuni. Meneja akampa wiki. Wiki ikaisha, mafua yakaendelea. Alikuwa hana mafua hata chembe! Alitembea na leso mkononi, akipenga pua nzima isiyo na kosa, mpaka pua ikawa nyekundu kweli na watu wakaanza kumpa pole. Alitaka tu asijue. Akifanya mtihani akashindwa, atakuwa amejua, na akishajua hawezi tena kutojua. Usiku alijilaza kimya akihesabu majina ya wajukuu wa dada zake, mmoja mmoja, kuhakikisha wote wapo.

Wakati huo zile kreti zilizorudi zilikuwa zimejaa chumba cha baridi. Mtindi ni mzima, muda wake haujaisha, kuumwaga ni dhambi. Meneja akaamua: mapumziko ya saa nne, badala ya ule mtindi wa kawaida ambao wafanyakazi walizoea kupewa, watapewa huu wa nusu sukari mpaka uishe.

Zogo lililotokea siku ya kwanza ungedhani wamepewa sumu. Kipaza alionja kijiko kimoja, akamwekea paka wa ua kikombe kizima. Paka alinusa akaondoka. "Hata mnyama ana adabu zake!" Kipaza alipaza, na Mama Ulimi akasikia yote kupitia dirishani, akafunga pazia.

Siku ya tatu Kipaza alikula nusu, kwa sababu njaa haina baunsa. Siku ya tano alikula chote huku akilalamika. Siku ya saba alikula chote akasahau kulalamika, akawa anasimulia mambo ya mpira. Siku ya tisa aliuliza kama kuna kilichobaki, na mwanamke wa ufungashaji akamwambia akae mbali na chake. Hakuna aliyeona ajabu yoyote. Mazoea huingia polepole bila kubisha hodi. Na yule ambaye angepaswa kuona kuliko wote alikuwa nyuma ya pazia, anapenga pua.

Siku ya kumi na tatu kreti ziliisha. Saa nne ikafika, na mtindi wa kawaida ukarudi mezani, uleule wa zamani, uliokuwa ukipendwa na mji mzima kwa miaka kumi na moja.

Mama Ulimi alikuwa chumbani kwake akijifanya kupanga daftari aliposikia kishindo koridoni. Mlango ukafunguliwa bila hodi. Alikuwa Kipaza, kikombe mkononi, uso umekunjamana.

"Mama, samahani, najua unaumwa, lakini mafua yako yatatuponza! Nani kamwaga sukari humu?"

"Nini?"

"Onja mwenyewe! Huu ni wa kula au wa kunasia nzi? Meno yananiuma. Nimewaambia wale wa mchanganyiko wamekosea vipimo, wananibishia. Nikipeleka huu mzigo madukani si nitapigwa?"

Mama Ulimi alikichukua kikombe. Akageuza mfuniko, akasoma namba. Ulikuwa mchanganyiko wa kawaida. Vipimo vilevile, sukari ileile, kijiko hakikuzidi.

"Huu ndio ule wa siku zote," alisema polepole.

"Mama, nakuheshimu, lakini huu siujui. Nakula mtindi hapa miaka minane. Mimi nijue sukari imezidi halafu niambiwe haijazidi?"

Akamtazama huyu mtu. Mdomo wazi, mikono kiunoni, hasira ya kweli. Huyu hakumpenda. Huyu hakuwa na sababu hata moja duniani ya kumwonea huruma. Angeweza kumzomea mbele ya watu mia na kulala usingizi mnono. Na wiki mbili zilizopita ule mwingine alimwekea paka.

Mama Ulimi aliketi. Akafungua daftari lake, akarudi nyuma mpaka ukurasa wa siku ya kwanza. Kama kulamba ukuta wenye chokaa. Mwandiko wake mwenyewe. Akasoma wiki ya pili, ya nne, ya sita. Kisha akainua macho kwenye ile kanuni iliyofifia ukutani, ambayo alikuwa ameipita kila siku kama mtu anavyompita jirani yake. Asiuonje zaidi ya mara tatu.

"Uliula mara ngapi ule wa nusu sukari?" aliuliza.

"Ule? Siku zote ulipokuwepo. Ulikuwa na ubaya gani?"

Basi, wenzangu, yule mama alicheka! Alicheka mpaka akashika meza, leso ikaanguka, machozi yakamtiririka hadi kidevuni, na Kipaza akarudi nyuma hatua mbili akidhani mafua yamepanda kichwani. Ulimi haukufa. Haukuwa umekwenda popote. Ulifundishwa tu, asubuhi moja baada ya nyingine, kama ulivyofundishwa wa huyu bwana na wa kila aliyekaa kwenye ule ua. Na mumewe? Si naye aliula kila asubuhi?

"Umepona?" Kipaza aliuliza kwa wasiwasi.

"Nimepona, baba. Niitie Meneja. Mwambie alete vikombe."

Akafanya mtihani siku hiyohiyo. Nisiwadanganye, duru ya kwanza moyo ulimdunda hadi masikioni. Kidirisha kilifunguka, vikombe vitatu vikapita, kidirisha kikafungwa. Alionja cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akarudia cha pili. Kilikuwa na sukari pungufu kidogo, kidogo mno, lakini ilikuwepo ile tofauti, akaihisi pembeni mwa ulimi mahali palepale alipokuwa akiihisi tangu ujana wake. Akaandika namba. Duru ya pili ilikuwa rahisi. Duru ya tano aliweka kijiko chini, akagonga kidirisha.

"Hiki cha kushoto ndicho mgeni. Na mwambie aliyeosha kijiko chake asuuze vizuri, kina sabuni ya limau."

Aliyeosha alikuwa Meneja mwenyewe.

Nane kwa nane. Meneja alikuja kumpa mkono, hakuwa na kalamu za kupanga, akabaki anavikunja na kuvikunjua vidole. Mama Ulimi hakumwacha aombe radhi. Alikiri kosa lake mwanzo mwisho, na pale pale wakakubaliana: mtindi hautapunguzwa sukari kwa mkupuo tena. Utapunguzwa kidogo kidogo, miezi kwa miezi, na lebo ikisema wazi kila mara, ili ndimi za watu zipate muda wa kujifunza. Na kila hatua itaonjwa na watu wapya. Kipaza alijitolea. Akaambiwa wewe ulimi wako umeshaharibika, kakae na wazee, na hilo lilimuuma kwa wiki nzima.

Palibaki jambo moja. Lilikuwa la nyumbani.

Jumamosi mchana Mama Ulimi alikata kitunguu chake, akakila, akafurahi. Kisha akapika maharage. Akatia chumvi inayotosha, akaonja, yakawa sawasawa. Akashusha pumzi, akachota chumvi kiganja kizima, akatumbukiza kwenye sahani ya mumewe, akakoroga. Akaipeleka mezani, akaketi, akatabasamu.

Fundi saa alikuwa na njaa. Akachota kijiko kilichojaa, akatia mdomoni. Akaacha kutafuna. Akamtazama mkewe.

"Vipi?" mkewe aliuliza. Tabasamu lilikuwa palepale, lakini chini ya meza alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili.

Fundi saa alimeza kwa shida. Akaisukuma sahani hadi katikati ya meza.

"Mke wangu, haya hayaliki. Umemwaga kopo zima?"

Mama Ulimi akafunika uso. Mabega yakamtikisika, na mumewe akainuka haraka, akazunguka meza akidhani amemwumiza.

"Jamani, ni chumvi tu, usilie, nitakula—"

"Usile!" Akamshika mkono. Alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. "Usile hata kijiko. Ule mtindi, uliposema mtamu. Ulikuwa mtamu?"

"Ulikuwa mtamu. Mimi nikudanganye kwa ajili ya mtindi?"

Ndipo akamwambia yote. Jumapili ya maharage, mama yake, neno la daktari, mafua ya uongo, majina ya wajukuu anayoyahesabu usiku. Fundi saa alisikiliza kama anavyosikiliza saa iliyosimama, bila kumkatiza.

"Niahidi," Mama Ulimi alisema. "Siku nikiharibu kweli, bila kukusudia, uniambie hivihivi. Usinihurumie. Isukume sahani."

"Nitaisukuma."

"Hata kama nitalia."

"Hata kama utalia. Nitaisukuma, kisha nitakaa hapa hapa." Akaketi kando yake. "Sasa niletee maji, ulimi wangu unaungua."